Marehemu wa Kitabuni Hakuliliwa

Kuna riwaya moja ya upelelezi, ya Kifaransa, ambayo wasomaji wa kweli huitaja kwa heshima huku wameinua nyusi. Ni kitabu cha zamani; waliosoma kwa mapadri walipitishwa humo karibu wote. Nimeisoma mara tano, na mpaka leo ukiniuliza kama naipenda nitakujibu vibaya. Ni kama shemeji: nimeizoea, naiheshimu, na kuna siku natamani isibishe hodi.

Kisa chenyewe si kigumu. Mzee tajiri anakutwa amekufa katika chumba chake cha vitabu, uso kwenye zulia. Mvua imekata barabara, kwa hiyo aliyemuua bado yumo nyumbani, kati ya wageni saba. Anafika kwa miguu inspekta mnene mwenye goti bovu, anamumunya bonbon, pipi za Kifaransa, na kumuuliza kila mtu swali lilelile mara tatu. Mwishoni anawakusanya wote salon, yaani sebuleni, anaeleza nani aliua, kwa nini, na saa ngapi. Halafu mvua inakoma na watu wanaenda zao.

Kitabu kilikuwa cha Papa, aliyefundisha Kifaransa sekondari. Waporaji walipopita kwetu Muhumba, mjini Bukavu, katika vita ya kwanza niliyoiona mimi, walibeba redio, sufuria, mapazia, vitasa vya milango, na kabati la vitabu. Vitabu vyenyewe walivimwaga chini. Tuliporudi, Papa alisimama katikati ya rundo lile akageuza kichwa huku na huku, akasema hawakuchukua hata kimoja, hata cha kuwashia moto. Mama alidhani anashukuru Mungu. Mimi niliona kwamba ameudhika.

Riwaya ya inspekta ilikuwa juu ya rundo, ina alama ya kiatu kwenye jalada. Alama hiyo ipo hadi leo.

Ilipokuja vita ya pili nilikuwa na miaka kumi na sita. Shule ilifungwa wiki hii, ikafunguliwa ile, ikafungwa tena, na kazi yangu ya alasiri ikawa kukaa na Koko tukichambua maharagi. Koko ndilo jina tulilomwita bibi yetu, mama mzaa Papa. Hakwenda shule. Alikuwa ameuza mawese soko la Nyawera kwa miaka mingi, na alisema mtu mwongo humjua kabla hajaweka kikapu chini. Hatukumbishia, maana alikuwa ametushika wote kwa wakati wake, na Papa alishikwa mara nyingi kuliko sisi.

Lakini mwaka ule Koko alikuwa analala chini, kwenye mkeka, salon. Kitanda chake cha mbao ya libuyu kilikuwa chumbani kwake, kizima; waporaji walijaribu kukitoa kikawashinda uzito. Alikataa kukipanda. Sababu ilikuwa baba yangu mdogo, kitinda mimba wake, aliyekwenda Shabunda na chumvi, sabuni na vitenge kuwauzia wachimba dhahabu, vita ikafunga njia nyuma yake. Siku moja parokia ilituita kwenye fonii, ile redio ya kupigia sauti porini. Papa akasikia kwamba mdogo wake amekufa, wamemzika, na mjikaze. Kisha sauti ikawa kelele tupu.

Kwetu kilio hakimalizwi hivyo. Siku ya kutoa matanga mtu wa familia husimama mbele ya watu akaeleza: ugonjwa ulianza siku gani, wapi palimshika, nani alimpeleka kwa daktari, alikula nini, alisema nini, nani alimfunga macho. Watu husikiliza kimya hadi mwisho, na hata walevi hutulia. Baada ya maelezo hayo ndipo familia inakula na watu, inaoga, inarudi vitandani. Papa alipaswa kusimama, na hakuwa na la kusema. Angesimama aseme nini, kwamba alikufa? Hilo kila mtu analijua. Basi matanga hayakutolewa, na mwezi ukapita, na mingine, na Koko akabaki kwenye mkeka juu ya sementi, na baridi ya Bukavu mnaijua. Asubuhi tulimwinua watu wawili. Magoti yalilia kabla yake.

Papa ndiye aliyenituma nimsomee kitu, apunguze mawazo. Niliichukua riwaya hiyo kwa sababu nilikuwa nimefika katikati na sikutaka kuiacha. Papa alipoona jalada alinuna: kitabu cha maiti, kwa mama mwenye msiba? Koko akamjibu bila kuinua macho kwenye maharagi.

"Acha asome. Maiti ya bazungu itanifanya nini?"

Nikaanza kusoma, Kifaransa kwa macho, Kiswahili kwa mdomo. Kufasiri hivyo ni kazi ya kutoa jasho, na sikuhesabu kwamba msikilizaji wangu angeniuliza maswali kuliko inspekta. Chumba cha vitabu kilipita bila shida, ingawa alishangaa kuwa wana chumba kwa vitabu na hawana kwa wageni wa msiba. Zulia lilipita. Tulipofika ukurasa wa thelathini, wageni walikaa mezani asubuhi, wakala mayai.

"Maiti iko mu nyumba," alisema Koko, "na beko banakula mayai?"

Nikamwambia ndivyo kilivyoandikwa. Akataka kujua kilio kitaanza saa ngapi. Nikapekua mbele, nikarudi, nikakiri kwamba sikioni. Nani ameosha maiti? Haisemwi. Nani ametumwa kwa wakwe? Hakuna aliyetumwa. Je, majirani? Hawana majirani, Koko, ni nyumba moja mlimani. Aliweka ungo chini akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyewalea vile. Alisema kitabu hiki kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kufiwa.

Nilikasirika, maana siku hizo nilikuwa nakitetea. Nilipenda jinsi kila kitu kilivyokuwa na maana: glasi iliyosogezwa, saa iliyosimama, mwavuli mkavu siku ya mvua. Kwetu vitu vilipotea na hakuna aliyeuliza. Mle ndani hata kifungo cha shati kilitafutiwa mwenyewe. Lakini kuanzia siku ile ya mayai sikuweza tena kusoma kwa raha. Nilianza kuona kile alichokiona Koko, kwamba marehemu ameachwa peke yake kwenye zulia, na wote wanashughulika na nani alimuua, hakuna anayeshughulika naye.

Basi nikafanya jambo ambalo mfasiri mwenye kiapo angefungwa kwalo. Nikamlilia. Siku iliyofuata, palipoandikwa kwamba mpishi alifuta jicho kwa aproni, sentensi moja tu, mimi nilimfanya mpishi aketi chini apige ukelele. Nikaleta wanawake wa mlima wa pili na masufuria yao. Nikamwosha marehemu, nikamvisha suti yake nzuri, nikaweka viti uani. Mpwa wake wa kike, ambaye katika kitabu halii hata kidogo, nilimliza kurasa mbili. Niliogopa Koko atanishika. Alichambua maharagi taratibu, akatikisa kichwa, akasema sasa angalau.

Siku moja Papa alipita mlangoni, akasikia wanawake na masufuria, akasimama. Kitabu alikijua karibu kwa moyo. Aliniangalia, akamwangalia mama yake, kisha akaenda zake kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni mwake.

Na muuaji je? Koko alimtaja ukurasa wa hamsini na kitu. Inspekta alikuwa bado hajavua koti. Mchumba wa yule mpwa, mmoja wa wale wageni saba, alikuwa ameshuka salon, akapewa kiti, akanywa chai, akasifu bustani. Koko akanyosha kidole kwenye kitabu.

"Ni ule fiancé. Ameingia mu kilio na hakuuliza muzee alikufa namna gani. Mwenye hauliza, ni sababu anajua."

Nilicheka sana. Nikamweleza kwa upole wa kijana aliyesoma kwamba katika vitabu hivi yule wa kwanza kushukiwa huwa si yeye, kwamba kuna mtego, kwamba inspekta ana mbinu. Koko akasema sawa, tumwache inspekta na mbinu zake. Tukaendelea na kurasa mia mbili za mvua na bonbon, na mwishoni, salon, inspekta akamnyoshea kidole mchumba. Sijawahi kumsamehe inspekta. Kurasa mia mbili, mtu mzima, mwenye mshahara!

Hapo ndipo niliichukia riwaya ile kwa kweli, na si kwa sababu ya kushindwa na Koko tu. Mzee mmoja, ambaye hata watoto wake hawakumpenda, alipewa kurasa karibu mia tatu za kuulizwa: nani, wapi, saa ngapi, kwa nini. Baba yangu mdogo, aliyenifundisha kuogelea hapo chini ziwani na kunicheka nilipomeza maji, alipewa nusu dakika ya fonii. Nilikitupa kitabu. Koko alikiokota akakifuta vumbi. Alisema sura ya mwisho ndiyo aliyoipenda, kwa sababu hatimaye wamekaa pamoja na mtu amesimama akaeleza. Kosa lao ni kumpa polisi kazi ya familia, na kutopika baadaye.

Wiki chache baadaye mtu alisimama kwenye lango letu. Alikuwa mwembamba, viatu vimefungwa kwa kamba, anauliza nyumba ya mwalimu. Alikuwa ametoka Shabunda kwa miguu, siku nyingi za msitu, na alikuwa mshirika wa baba yangu mdogo. Walikuwa wamekaa nyumba moja mpaka mwisho. Papa alimshika mikono yote miwili akamwingiza ndani.

Mama alimpa kwanza chakula. Bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Kabla hajagusa, mgeni aliomba chumvi, si ya kutia, ya kuonja tu. Alichota kidogo kwa vidole, akaiweka kwenye ulimi, akafumba macho. Kisha akaomba radhi kwa utovu wa adabu. Alieleza kwamba tangu njia ifungwe, mwaka mzima, Shabunda hawakuona chumvi, hawakuona sabuni, hawakuona sukari hata punje. Bidhaa za baba yangu mdogo zilikuwa zimechukuliwa na wenye bunduki siku ya kwanza. Walikuwa wanapika sombe, majani ya muhogo, hivihivi bila chumvi, mtoto akila analia.

Alipomaliza kula Koko aliomba ainuliwe aketi sawasawa. Akaanza kuuliza. Nilimsikia na nikashtuka, kwa maana alikuwa anauliza kwa mpangilio wa inspekta. Nani alimwona mara ya mwisho? Chumba kiko upande gani? Ilikuwa kabla ya mvua au baada? Mgeni alijibu vizuri. Ilikuwa homa, mwezi wa saba tangu njia ifungwe. Siku nne. Dawa hazikuwepo, mganga wa zahanati alikuwa amekimbia. Walimlaza karibu na moto, yeye na mama mwenye nyumba wakamkesha kwa zamu. Asubuhi ya siku ya nne homa ilishuka, akafungua macho.

"Alikula nini?" Koko aliuliza.

"Alikunywa chai, mama. Chai ya moto, na sukari. Akakunywa yote, akasema asante, akalala, hakuamuka tena."

Koko aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe anahesabu. Akauliza mambo mengine, kaburi liko wapi, nani alisali. Kisha akarudi palepale, kama yule mnene na goti lake.

"Ile chai. Mulitia sukari bijiko ngapi?"

Mgeni aliangalia mikono yake.

"Tatu, mama."

Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni, nasikiliza. Mwaka mzima bila sukari, hata punje. Alisema mwenyewe, hata nusu saa haijapita, na chumvi bado iko kwenye vidole vyake. Mwezi wa saba, sukari ilitoka wapi? Nilikuwa nimemshika. Nilijua sasa inspekta anahisije pale kifungo cha shati kinapopata mwenyewe, na nitasema ukweli, ilikuwa furaha. Furaha yenye aibu, lakini furaha.

Papa aliita watu Jumamosi. Walijaa uani na salon, majirani, walimu wenzake, wanawake wa Nyawera waliouza mawese na Koko, wamebeba masufuria. Mgeni aliketi kati ya wanaume, amepewa shati la Papa. Siku mbili nzima nilikuwa nimezunguka na siri yangu. Kama sukari ni uongo, basi na moto je? Na mama mwenye nyumba? Na sala? Labda alikufa peke yake. Labda hakuna aliyemfunga macho. Nilijiambia kwamba Koko ana haki ya kujua, na kwamba Papa hawezi kusimama mbele ya watu wote hawa akaeleza kitu ambacho si kweli. Kitabu kizima kilikuwa kinaniambia hivyo. Watu wote salon, mmoja anadanganya, na mimi ninajua. Nilipanga mpaka mahali pa kusimama.

Papa alisimama akaanza. Alieleza safari, njia iliyofungwa, homa, siku nne, moto. Sauti yake ya darasani ilikuwa imara. Nilikuwa nimeshainuka nusu Koko aliponivuta kanga, akanikalisha kando yake kwenye mkeka, akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa na vidole vya kubebea madebe. Papa akafika kwenye chai. Akasema, "na sukari, vijiko vitatu, vile alivyopenda." Hapo sauti ikamkatika, na uani mwanamke mmoja akapiga ukelele, wakaitika wote.

Koko hakuniachia mpaka Papa alipoketi.

Watu walikula. Walipoondoka, jua lingali juu ya ziwa, Koko alituambia tumpeleke chumbani. Tulimwinua, mimi na Mama, akapanda kitanda cha libuyu, akajinyosha, akatoa pumzi. Alilala hadi kesho yake saa nne asubuhi. Mama aliingia mara mbili kuangalia kama anapumua.

Alasiri hiyo aliniita nimsomee. Nilikuja na kitabu, nikaketi ukingoni mwa kitanda, na sikukifungua. Nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili ya siri yangu. Nikasema Koko, kuna jambo kuhusu ile sukari.

"Nilisikia," alisema. "Nilisikia mbele ya wewe kusikia."

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, kwa nini alimwacha Papa aeleze vile mbele ya watu. Alinyosha miguu yake chini ya blanketi, kwanza mmoja, kisha mwingine.

"Bijiko tatu. Nilikuwa namugombezaka juu ya ile, tangu mutoto. Nani alimuambia ule mutu? Mwenye kujua bijiko ya mutoto wangu alikaa naye. Alitembea mu pori na viatu vya kamba, kuniletea ile sukari. Unataka nimurudishie?"

Nilikuwa na kitabu mikononi, kidole changu kwenye alama ya kiatu.

"Na bale bamama wa mu kitabu," Koko aliendelea, "wenye walikuja na masufuria, wakamulilia ule muzee. Unafikiri sikujua ni wewe ulikuwa unabaleta?"

Nilijaribu kusema kitu kuhusu ufasiri.

"Nilikuuliza?"

"Apana, Koko."

"Basi, soma. Anzia pa kilio."